Kava la kiti cha lori: Kwa nini dereva wa Bwera hapaswi kulichagua kwa macho peke yake

Mjini Bwera, magharibi mwa Uganda, foleni ya malori hujipanga mapema kuelekea daraja la mto Lubiriha, ambao ng'ambo yake ni Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Baadhi ya madereva walio kwenye foleni hiyo wametoka bandari ya Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Wapo wanaosubiri karatasi zao kwa saa chache, na wapo wanaolala hapo. Katika muda huo kiti cha lori si kiti tena. Ni meza ya chakula, ni ofisi, na kwa dereva ambaye gari lake halina kitanda nyuma, ni godoro.

Kinachomtenganisha dereva na kiti hicho ni kipande cha kitambaa ambacho wengi hukinunua kwa kutazama rangi: kifuniko cha kiti, au kava kama linavyoitwa barabarani. Ni kitu kidogo, na ndiyo sababu hakipewi fikra nyingi. Lakini kava lisilofaa linaweza kukifukia kifungio cha mkanda wa usalama, kumtelezesha dereva pale anapokanyaga breki ghafla, kuuchemsha mgongo wake tangu asubuhi hadi jioni, na kuhifadhi uchafu wa kila aliyepata kukalia kiti hicho. Katika eneo ambalo limewahi kupokea Ebola kutoka ng'ambo ya mpaka, hilo la mwisho si jambo la kupuuza.

Kuna tatizo jingine ambalo halizungumzwi sana. Anayelipia kava mara nyingi si anayelikalia. Tajiri mwenye gari hutaka kiti kibaki kipya ili bei isianguke siku ya kuliuza. Dereva hutaka asilowe jasho. Mahitaji hayo mawili hayapatani kila mara, na fundi husikiliza zaidi sauti ya mwenye fedha.

Jua, saruji na chumvi

Kasese imelala katika sakafu ya Bonde la Ufa, chini ya milima ya Rwenzori, huku maziwa George na Edward yakiwa upande wa kusini. Mstari wa Ikweta hukatiza barabara karibu na Kikorongo, pale ambapo njia ya kwenda Mpondwe huachana na ile inayoelekea Mbarara. Ni miongoni mwa sehemu zenye joto zaidi nchini Uganda, na si ajabu kipimo kufika nyuzi joto 30 mchana. Ndani ya kabini ya lori lililoegeshwa juani, vioo vikiwa vimefungwa, joto hupanda mbali kupita hapo. Mtu anayepanda lori la namna hiyo akiwa amevaa kaptura hujifunza ubaya wa leza nyeusi kwa ngozi ya mapaja yake.

Zamani shehena nyingi za eneo hili zilisafiri kwa treni. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, hasa kwa ajili ya shaba ya Kilembe, lakini treni zilikoma miaka ya 1990. Tangu hapo kila kitu kipo juu ya matairi: saruji ya Hima, chumvi ya Katwe, pamba ya mabondeni, kahawa ya miteremko ya Rwenzori, pamoja na bidhaa za madukani zinazovushwa kwenda Beni na Butembo. Kila mzigo huacha alama yake kitini, kwa kuwa wapakiaji hupanda kabini na nguo zilezile walizobebea mizigo.

Saruji ndiyo mbaya zaidi. Unga wake una asili ya magadi, na ukichanganyika na jasho huwasha ngozi na hata kuichubua. Ukipenya katika nyuzi za kitambaa, kisha mtu akakimbilia kumwaga maji, sehemu yake huganda humohumo kama inavyoganda ukutani. Kwa hiyo kava la lori la saruji lazima likung'utwe kwanza likiwa kavu, nje ya gari na upande upepo unakoelekea, kabla halijaguswa na maji. Chumvi nayo huvuta unyevu wa hewani. Zipu za chuma na ndoano za kufungia kava hushika kutu mapema kwenye malori ya Katwe kuliko kwenye malori mengine. Anayebeba chumvi na aombe zipu ya plastiki na kamba za kufunga badala ya ndoano.

Ng'ambo ya mpaka kuna vumbi. Tarehe 16 Juni 2021, Rais Yoweri Museveni wa Uganda na mwenzake wa Kongo, Félix Tshisekedi, walizindua pale Mpondwe mradi wa kujenga barabara zenye urefu wa jumla wa kilomita 223 ndani ya Kongo, zikiwemo kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni na 54 kutoka Beni hadi Butembo. Waliowahi kuipita njia hiyo ilipokuwa ya udongo mtupu wanajua jinsi vumbi jekundu lilivyoingia hata pale ambapo vioo havikufunguliwa.

Kitambaa gani kwa kazi gani?

Ngozi bandia, ambayo mafundi huiita leza ingawa haina uhusiano wowote na mnyama, ndiyo inayopendwa zaidi na matajiri. Sababu zinaeleweka. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, hainywi chai iliyomwagika, na hung'aa. Kwa kweli leza ni utando wa plastiki uliobandikwa juu ya kitambaa chembamba. Plastiki hiyo ina mafuta maalumu ya kuifanya iwe laini, na jua huyafukuza mafuta hayo kidogo kidogo hadi utando unakuwa mgumu na kupasuka, kwanza pale unapokunjwa. Zaidi ya hayo haipitishi hewa. Jasho la dereva hubaki kati ya shati na kiti, na baada ya saa kadhaa ngozi ya mgongo na makalio huanza kuwasha na kuota vipele.

Kitambaa kizito cha poliesta kilichofumwa, kama kile kinachotoka kiwandani na gari, hupitisha hewa kwa kiasi, hukauka haraka na huvumilia msuguano. Udhaifu wake ni kwamba uchafu huzama ndani yake, hivyo ni lazima kivuliwe na kufuliwa, si kufutwa tu. Pamba hunywa jasho vizuri na haichomi mapaja, lakini hukaa na unyevu, na hurudi inapofuliwa. Anayetaka kava la pamba na akifue kitambaa chote kabla hakijakatwa. Vinginevyo baada ya mfuo wa kwanza kava halitaingia tena kitini. Ni kinaya kidogo kwamba katika wilaya inayolima pamba, na yenye chama cha ushirika cha Nyakatonzi kinachoichambua, madereva wengi hukalia plastiki.

Turubai ni imara kuliko vyote na humfaa anayebeba mawe, chuma au mbao, mradi si lile lililopakwa nta ya kuzuia mvua, kwa kuwa hilo huhifadhi joto kama leza. Mahameli yapendeza macho kwa wiki moja. Baada ya hapo huwa ghala la vumbi.

Kwa hali ya Kasese na Bwera, jawabu lenye busara ni kuchanganya. Sehemu ya katikati, pale mgongo na mapaja vinapokaa, iwe kitambaa kinachopitisha hewa. Kingo za pembeni, sehemu ya nyuma ya kiti na ile ya kuegemeza kichwa ziwe leza, kwa kuwa ndizo zinazoshikwa kwa mikono na kusuguliwa na viatu. Rangi iwe ya wastani, kama kijivu au kahawia isiyokolea: nyeusi hunyonya joto la jua, nyeupe haifichi chochote. Ukingo wa kulia wa kiti cha dereva ushonwe tabaka mbili. Nchini Uganda usukani upo kulia, na dereva hupanda na kushuka kwa kuukwangua ukingo huo mara nyingi kwa siku. Akivuka kuingia Kongo, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, hulazimika pia kujinyoosha kushoto kila anapotaka kuchungulia mbele ya gari alilolifuata, hivyo ukingo wa kushoto nao haupumziki.

Jambo moja husahauliwa kabisa nalo ni moto. Madereva huvuta sigara, na wapo wanaochemsha chai kwa jiko dogo karibu na kabini wakiwa foleni. Nchini Marekani, kanuni ya usalama wa magari inataka kitambaa cha ndani ya gari kisiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Makava ya sokoni huuzwa bila maelezo yoyote ya namna hiyo. Mnunuzi anaweza kumwomba muuzaji kipande kidogo, akakishika kwa koleo nje ya duka, na kukiwasha. Kinachoripuka na kukimbia na moto hakifai, hata kiwe kizuri vipi. Jaribio hili si kipimo cha maabara, lakini huondoa vile vibaya kupita kiasi.

Nailoni ya kiwandani na mkeka wa shanga

Wapo matajiri ambao hawanunui kava kabisa. Huiacha ile nailoni nyembamba iliyokuja na gari kutoka kiwandani, miezi na hata miaka, ili kila anayefungua mlango ajue kwamba gari ni jipya. Nailoni hiyo iliwekwa kwa ajili ya safari ya meli, si kwa ajili ya binadamu. Inateleza, haipitishi hata chembe ya hewa, na hunasa unyevu kati yake na kitambaa cha kiti hadi ukungu ukaota chini yake. Mwenye kuitoa akakuta madoa meusi asishangae: ameyalea mwenyewe.

Mkeka wa shanga za mbao unastahili hukumu ya haki zaidi. Huinua mwili kidogo kutoka kwenye kiti na kuacha hewa ipite, na dereva aliyeuzoea huuona kama rafiki. Hatari yake ni uzi. Uzi ukikatika, shanga humwagika sakafuni, na shanga moja iliyokwama chini ya kanyagio la breki inatosha kuzuia breki isishuke hadi mwisho. Anayeutumia aukague kila juma, na akiona uzi umeanza kuchakaa autupe, asiufunge fundo.

Tazama kwanza kilicho chini

Kava halikitengenezi kiti. Kosa la kawaida kuliko yote ni kumpelekea fundi kiti kilichokufa na kumtaka akivike nguo mpya. Kabla ya kuzungumzia kitambaa, dereva akalie kiti, kisha abonyeze kwa ngumi katikati ya kalio na pale pa kuegemea kiuno. Akiisikia springi au chuma, au sponji ikishuka bila kupanda tena, basi fedha ya kava itumike kwanza kununulia sponji.

Hili si suala la starehe. Mwili wa binadamu uliokaa huathiriwa zaidi na mitikisiko ya juu na chini inayojirudia kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na uti wa mgongo ndio unaoipokea. Lori kwenye barabara mbovu hutoa mitikisiko ya kiwango hichohicho. Tafiti za miaka mingi zimehusisha mitikisiko hiyo na maumivu ya kiuno kwa madereva. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2002, uliweka kikomo cha mtikisiko wa mwili mzima kwa mfanyakazi kuwa mita 1.15 kwa sekunde ya mraba kwa siku ya saa 8, na ukawataka waajiri waanze kuchukua hatua kipimo kinapofika 0.5. Kwa dereva wa kawaida wa Afrika Mashariki, kipimo pekee ni jinsi anavyoshuka garini jioni: ameshika kiuno au hakukishika.

Sponji ya kuongeza ichaguliwe kwa uzito, si kwa unene. Sponji nyepesi ya makochi ya nyumbani hulala baada ya miezi michache na kumwacha dereva akikalia chuma kilekile. Sponji nzito, ya aina inayotumika kwenye magodoro ya bei ya juu, hudumu. Lakini isiwekwe nyingi. Kila sentimita inayoongezwa humwinua dereva. Hufikia mahali miguu haikanyagi klachi hadi mwisho, magoti yanagusa usukani, na kioo cha pembeni hakionyeshi tena kile kilichokuwa kikionyesha. Ikiwa urefu umebadilika, vioo vyote virekebishwe upya kabla ya safari.

Malori mengi yaliyotengenezwa Ulaya yana viti vinavyoelea juu ya springi ya hewa, vyenye swichi au kitasa cha kurekebisha kulingana na uzito wa dereva. Ni ajabu jinsi madereva wengi wanavyorithi kiti kilichopangwa kwa uzito wa mtu mwingine na kuteseka nacho bila kukigusa. Mpira wa pembeni unaofunika springi hiyo haupaswi kufunikwa wala kufungwa kamba. Kava likiubana, kiti hakielei tena.

Kuna pia habari ya maji. Mto Nyamwamba, unaoteremka kutoka Rwenzori kupitia Kilembe hadi pembezoni mwa mji wa Kasese, ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukavunja nyumba na madaraja. Magari yaliyozama katika mafuriko huuzwa baadaye kama mengine. Kiti kilicholowa tope hakikauki kwa jua la nje: sponji hubaki na maji ndani, springi hushika kutu na harufu hairudi nyuma. Anayenunua lori la mitumba lenye makava mapya yanayong'aa ana haki ya kuomba yavuliwe aone kilichofichwa.

Kupima, kukata na kuvika

Makava yanayouzwa yakiwa tayari, yale yanayodaiwa kuingia gari lolote, yalipimwa kwa magari madogo. Kwenye kiti cha lori huwa mafupi mgongoni, mapana kalioni, na huanza kusogea tangu siku ya kwanza. Fundi mwenye cherehani nzito, hata yule anayeshona viti vya bodaboda, atafanya kazi bora kama atapewa muda na kiti chenyewe.

Fundi mzuri huanza kwa kukisafisha kiti na kukiondoa kichwa cha kuegemea. Kisha hutengeneza kiolezo kwa karatasi ngumu, kipande kwa kipande: kalio, kingo mbili za kalio, mgongo, kingo za mgongo, nyuma, kichwa. Hupima kiti kikiwa kimekaliwa, au walau kimewekewa mzigo, kwa sababu sponji hubonyea na kitambaa kilichopimwa juu ya kiti kitupu hulegea mtu akikaa. Huacha sentimita moja na nusu hivi kila upande kwa ajili ya mshono. Huandika nyuma ya kila kipande upande wa mbele ni upi, kwa kuwa vitambaa vilivyofumwa hunyooka zaidi upande mmoja kuliko mwingine.

Uzi una maana kuliko watu wanavyodhani. Uzi wa pamba huoza kwa jasho na jua. Nailoni ni imara sana dhidi ya msuguano lakini jua hulidhoofisha umbo lake. Poliesta hulistahimili jua vizuri zaidi, na kwa kabini ya Kasese yenye vioo vikubwa ndiyo inayofaa. Mishono isiwe midogo mno kwenye leza: matundu ya sindano yaliyokaribiana huigeuza leza kuwa kama karatasi ya stempu, nayo huchanika kwa kufuata mstari. Mishono mikuu ipitiwe mara mbili, na isipite pale ambapo mifupa ya makalio hukaa. Dereva wa saa 10 atauhisi mshono wa katikati kama kokoto.

Kuvika huanza juu kwenda chini. Kava la mgongo huteremshwa kwanza, huvutwa nyuma na kufungwa. La kalio hupenyezwa kwenye mwanya kati ya kalio na mgongo, kisha huvutwa mbele na kando kwa nguvu sawa. Kamba za chini ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Zifungwe kwenye fremu ya kiti, kamwe zisipite juu ya reli ambazo kiti huteleza mbele na nyuma. Kamba iliyonaswa na reli huzuia kiti kujifunga mahali pake, na kiti ambacho hakikujifunga huruka nyuma au mbele gari linapopanda mlima au kufunga breki. Baada ya kufunga, dereva asukume kiti mbele na nyuma mara kadhaa na asikie mlio wa kujifunga kila mara.

Mkanda na mifuko ya hewa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mkanda wa usalama hupunguza hatari ya kifo kwa walio viti vya mbele kwa kati ya asilimia 45 na 50. Faida hiyo hupotea ikiwa kava limekifukia kifungio na dereva amechoka kukitafuta kwa vidole. Kwenye malori mengi, utingo na abiria wa kabini ndio wanaoathirika zaidi: kava la benchi refu hushonwa kipande kimoja, vifungio vyote vikabaki chini yake, na hakuna anayevikumbuka tena. Fundi aelezwe mapema kwamba kila kifungio kiachiwe tundu lake lenye pindo lililoimarishwa, na kazi isipokewe hadi mikanda yote ifungwe na kufunguliwa mbele yake.

Utelezi nao unahusiana na mkanda. Mtu aliyekaa juu ya leza nyororo au nailoni, gari likisimama ghafla, huteleza mbele na mkanda wa kiunoni hupanda tumboni, kwenye viungo laini, badala ya kubaki kwenye mfupa wa nyonga. Hiyo ni sababu nyingine ya kuweka kitambaa chenye kukwaruza kidogo katikati ya kalio.

Kwa wenye pikapu za kisasa kuna onyo la ziada. Nyingi zina mfuko wa hewa uliojificha ubavuni mwa kiti, na kibandiko kidogo kilichoshonwa pembeni hueleza hivyo. Mfuko huo hufumuka kwa sehemu ndogo ya sekunde kwa kupasua mshono maalumu. Ukikuta kava la leza lililoshonwa mara mbili, unaweza kuchelewa au kufumukia upande usiofaa. Kiti cha namna hiyo ama kiachwe bila kava ubavuni, ama kivikwe kava lililotengenezwa kwa ajili yake hasa. Baadhi ya viti vya abiria vina pia kihisi cha uzito chini ya kalio, na sponji ya kuongeza hukidanganya.

Funzo la mwaka 2019

Mnamo Juni 2019, mvulana wa miaka 5 aliyevuka na familia yake kutoka Kongo kupitia Bwera alifikishwa katika hospitali ya Kagando, wilayani Kasese, na kuthibitishwa kuwa na Ebola. Alikuwa mgonjwa wa kwanza Uganda katika mlipuko uliokuwa umeanza mashariki mwa Kongo Agosti 2018, na ambao hadi ulipotangazwa kumalizika Juni 2020 uliua zaidi ya watu 2,200. Mwaka huohuo wa 2020 madereva wa malori walijikuta wakipimwa UVIKO-19 katika mipaka ya Uganda na kutazamwa barabarani kama wabeba maradhi.

Ebola huenea kwa kugusana na majimaji ya mwili ya mgonjwa au maiti, na vilevile vitu vilivyochafuliwa na majimaji hayo. Kabini ya lori linalopakia abiria njiani, jambo la kawaida katika njia hii, hukaliwa na watu ambao dereva hajui wametoka wapi. Hapa ndipo uwezo wa kava kuvuliwa na kusafishwa unapopita uzuri wake.

Kwa usafi wa kila siku, maji na sabuni vinatosha. Iwapo kuna matapishi au damu, hatua ya kwanza ni kutoyagusa kwa mikono mitupu, na ikiwa aliyeyaacha ana homa au ametoka eneo lenye mlipuko, ni kuwaita wahudumu wa afya kabla ya kugusa chochote. Katika mazingira ya kawaida, uchafu huondolewa kwanza kwa maji na sabuni, kwa kuwa klorini hupoteza nguvu juu ya uchafu. Kisha hufuata maji ya klorini ya asilimia 0.5: dawa ya kufulia yenye klorini asilimia 3.5 huchanganywa sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji. Huachwa kwa dakika 10 hadi 15 milango ikiwa wazi, kisha hufutwa kwa maji safi ili isile chuma. Isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya kusafishia.

Leza hustahimili hayo, ingawa ikirudiwa mara nyingi huzeeka upesi. Kitambaa cha rangi kitachujuka. Sponji iliyolowa majimaji ya mgonjwa haisafishiki: huondolewa na kuteketezwa kwa maelekezo ya wahudumu wa afya. Ndiyo maana mafundi makini huweka utando mwembamba wa plastiki kati ya kitambaa na sponji kwenye kiti cha abiria, hata pale wanapouacha kwenye kiti cha dereva kwa sababu ya joto.

Baada ya safari ya kwanza

Kava jipya hulegea. Kitambaa hunyooka, sponji hujipanga, na mikunjo hujitokeza nyuma ya mapaja. Kwa hiyo kazi haijakwisha siku linapovikwa: baada ya wiki moja, au safari moja ya kwenda Butembo na kurudi, gari lirudishwe kwa fundi akaze kamba na kuangalia mishono. Wenye malori kadhaa ya aina moja hufanya vyema kushona makava mawili kwa kila kiti, moja likivaliwa na jingine likiwa kambani likikauka.

Kiolezo cha karatasi nacho kisitupwe. Kiandikwe aina ya gari na mwaka wake, kikunjwe na kuwekwa nyuma ya kiti pamoja na mabaki ya kitambaa. Lori likichanika kava Beni au Eldoret, fundi wa huko hatahitaji kuanza kupima upya, na dereva hatalala njiani kwa ajili yake.